Kukabidhi Kilicho Chako: Mapenzi ya Mungu na Hiari ya Mtu Kisiwani Mvita



Nimeombwa nizungumze juu ya kuyakabidhi mapenzi yetu kwa Mungu katika maisha ya kila siku. Mada hii tumeizoea kwa nyimbo na kwa mahubiri, na labda kwa kuizoea ndiyo maana hatuichunguzi. Hapa mjini utaisikia kila pembe. Kijana amekosa kibarua bandarini: "Nimemwachia Mungu." Mama amepigwa na mumewe, na jirani aliyekuja kumpa pole anamwambia: "Mwachie Mungu, mama." Mfanyabiashara wa Marikiti ana deni la mwaka wa pili sasa, akidaiwa anajibu kwa utulivu kabisa kwamba mambo yake yote ameyaweka mikononi mwa Bwana. Maneno ya watu hawa yanafanana. Lakini wa kwanza amechoka, wa pili ananyamazishwa, na wa tatu, tuseme ukweli, anakwepa kulipa.

Dai langu jioni hii ni fupi. Mtu hawezi kumkabidhi Mungu kitu asicho nacho. Ili nitoe mapenzi yangu, kwanza yawe yangu, niyajue, na niwe na uwezo wa kuyazuia. Aliyenyang'anywa hiari yake na wenzake hajajikabidhi kwa yeyote; amechukuliwa. Na kisiwa hiki kina ushahidi mwingi wa tofauti hiyo, kuliko miji mingi ya pwani yetu.

Twendeni Ngomeni kwanza. Wengi wenu mmekwishaingia Fort Jesus, kama si kwa hiari basi kwa safari ya shule. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na wakaipa jina la Yesu, jambo ambalo mimi kila nikipita pale hunitatiza kidogo, kwa sababu mizinga haikuwa sehemu ya mafundisho yake. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa, aliyekosana na kapteni wa ngome, aliuawa bara alikokimbilia. Alimwacha mtoto mdogo, Yusuf. Wareno walimchukua mtoto huyo, wakampeleka Goa, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alisomeshwa, akafundishwa vita vya baharini, akaozwa. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo, wa kwanza na wa mwisho katika kiti hicho.

Kwa macho ya Goa, kazi ilikuwa imekamilika: mtoto wa mfalme Mwislamu amejitoa kwa Kristo. Lakini alijitoa lini? Alikuwa na umri wa miaka kama saba alipopandishwa meli. Baba yake aliuawa kwa ajili ya mamlaka ileile iliyomlea. Hakuna aliyemuuliza. Aliporudi hapa alimkuta kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, anayemdharau na kumwingilia katika mambo yake, na kukawa na tetesi kwamba mfalme ameonekana usiku akisali kaburini mwa baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Habari hiyo ikifika Goa, angeitwa kujibu mbele ya baraza la kuhukumu imani.

Katikati ya Agosti 1631, sikukuu ya Kupalizwa Mariamu, aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kumtembelea kapteni. Akamuua. Siku zilizofuata mji ulitekwa, akarudia jina la Yusuf, na Wakristo wakapewa uchaguzi: wasilimu au wafe. Waliouawa walikuwa kama 300, wanaume, wanawake na watoto, Wareno na Waafrika pia. Mwaka uliofuata ushahidi juu yao ulikusanywa Goa ili watangazwe wafia dini, na ndio tunaowaita Mashahidi wa Mombasa. Yusuf mwenyewe hakukaa. Mwaka 1632 aliubomoa mji aliouteka, akaondoka na meli, akawa haramia, akafa mwaka 1638 upande wa Bahari ya Shamu.

Mahubiri yetu hukimbilia kwa wale mashahidi, na wanastahili. Mtu aliyesimama Ndia Kuu, barabara ambayo Wareno waliiita Raposeira, akiwa na mlango wazi wa kuokoa roho yake kwa maneno mawili matatu, akaukataa mlango ule, huyo hakika alikuwa na kitu mkononi na akakitoa. Hata hivyo naomba tukae kidogo na Yusuf. Yeye ndiye anayetufundisha upande wa pili. Ubatizo wake ulikuwa halali kwa taratibu za kanisa, darasa lake lilikuwa zuri, walimu wake huenda walimpenda. Ila walimsalimisha wao. Na kitu kilichosalimishwa na mwingine kina desturi ya kurudi kukidai kilichochukuliwa, wakati mwingine kwa kisu. Simtetei. Watoto waliouawa wiki ile hawakumkosea. Nasema tu kwamba damu ya 1631 ilianza kumwagika 1614, na kati ya miaka hiyo miwili kuna ungamo la imani lililofanywa kwa niaba ya mtoto ambaye hakuwa na pa kukimbilia.

Linganisheni na Gethsemane. Mnakijua kisa. Kinachonishangaza mimi ni mpangilio wake. Yesu haanzi kwa kusema mapenzi ya Baba yafanyike. Anaanza kwa kusema anachotaka yeye: kikombe kiondolewe. Anakitaja, analia, jasho linamtoka, anarudi kuwaamsha rafiki zake mara ya pili na ya tatu kwa sababu hataki kuwa peke yake. Ndipo anakabidhi. Tungekuwa naye pale bustanini, baadhi yetu tungemkemea kwa kukosa imani. Tungemwambia asiseme hivyo, akiri ushindi. Lakini sala isiyotaja kikombe haina cha kukabidhi. Na ombi la tatu katika Sala ya Bwana, tunalolisema wote pamoja kwa sauti moja kila Jumapili kabla mawazo hayajarudi kutoka kwenye pilau ya mchana, lina maana kwa mtu ambaye ana mapenzi mengine moyoni na anajua ni yapi.

Sasa tuvuke daraja la Nyali. Pale njia panda ya Kengeleni, tuktuk na matatu za Kisauni zinapogombania nafasi, upo mnara mdogo wa tao wenye kengele. Abiria husema "shukisha Kengeleni" bila kuinua macho. Ile ni kengele ya Freretown. Baada ya Sir Bartle Frere kuja Unguja mwaka 1873 na Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watu, na watu hao walihitaji pa kushushwa. Mchungaji William Salter Price wa shirika la CMS alinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa mwaka 1875, na makazi yakapewa jina la Frere. Watu waliletwa kwa mamia: Wayao, Wanyasa, Wamakua, na wengine waliotekwa wakiwa wadogo hata hawakuweza kutaja kijiji chao. James Mbotela, mwana wa mmoja wao, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, na asiyekisoma akisome.

Fikirini mtu huyo siku yake ya kwanza Freretown. Toka utotoni kila neno aliloambiwa lilikuwa amri. Ameuzwa, ametembezwa, amelazwa chini ya sitaha. Sasa amepewa nguo, kibanda na kiwanja cha kulima, na Jumapili anaambiwa kwamba Mkristo mwema hafuati matakwa yake mwenyewe. Matakwa yapi? Mtu huyu alihitaji kwanza aulizwe anataka nini, na apewe muda wa kujibu, pengine miaka. Wapo wamisionari walioelewa hivyo. Wengine hawakuelewa. Msimamizi mmoja wa makazi yale, J. R. Streeter, ambaye hakuwa mchungaji, aliendesha mambo kwa viboko na vifungo mpaka malalamiko yakafika kwa maofisa wa Uingereza, na mapema katika miaka ya 1880 ikabidi aondoke. Walioonja viboko vile walikuwa wametoka katika viboko vingine. Tofauti ilikuwa kwamba hivi vilifuatwa na sala ya jioni.

Msidhani hilo limekwisha na karne ile. Juzi juzi binti mmoja, msomi, mwenye kazi yake, alinieleza kwamba kiongozi wa kikundi chake cha maombi ameoteshwa kwamba aolewe na mtu fulani, na kwamba kukataa kwake ni dalili ya roho ya ukaidi. Nilimuuliza yeye mwenyewe anamwonaje huyo mtu. Alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa hajawahi kuulizwa. Nikamwambia aanze na hilo: amwambie Mungu kwa maneno ya wazi kama anamtaka au hamtaki, halafu asikilize. Na kama Mungu ana neno naye kuhusu ndoa yake, ana namba yake ya simu; hahitaji kupiga kwa mwenyekiti. (Mnacheka, lakini wako hapa ukumbini wenye vikundi vya namna hiyo.)

Kipimo changu ni rahisi. Ukiona mtu anakuhimiza uyaache mapenzi yako kwa Mungu, na ukiyaacha anayafaidi yeye, hapo pana biashara.

Nalisema pia kuhusu mambo ya mji. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo ya makontena iendayo bara isafirishwe kwa reli mpya, si kwa malori. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: vituo vya makontena vikakosa kazi, madereva na makuli wakakaa barazani, mama ntilie wa Changamwe na Miritini wakarudi na sufuria zimejaa. Kila Jumatatu watu waliandamana. Nilisikia mahubiri siku zile yaliyowataka waumini wapokee mapenzi ya Mungu. Oktoba mwaka uleule serikali ikaisimamisha amri ile, na baadaye Mahakama Kuu ikasema haikuwa halali. Sasa, kama yalikuwa mapenzi ya Mungu, waziri aliyasimamishaje? Jambo lililotoka ofisini kwa barua na likarudi ofisini kwa barua ni jambo la ofisi. Muumini anaweza kulipinga asubuhi na kusali jioni asipungukiwe na unyenyekevu hata chembe.

Basi kujikabidhi kwenyewe ni kupi? Nimesema sana yasiyo; ni haki yenu kuuliza yaliyo.

Nitawapa mfano wa mtu ninayemfahamu, wakala wa forodha, kijana wa Tudor. Kontena la mteja wake limefika Kilindini, karatasi zote ziko sawa, ushuru umelipwa. Faili linakwama kwenye meza moja. Kila siku linahamia chini ya mafaili mengine, na siku za bure zikishapita, kila siku kontena linahesabiwa ada ya kukaa bandarini. Hakuna anayemwomba chochote. Anaulizwa tu, kwa upole, kama amekunywa chai. Mteja anapiga simu mara tano kwa siku. Kijana huyu aliingia garini mwake, akapandisha vioo, akasali hivi, kama alivyonisimulia: "Bwana, mimi nataka kutoa hii chai. Nataka sana. Naogopa kumpoteza huyu mteja na nina kodi ya nyumba. Nakuambia ujue." Akakaa. Halafu akarudi ndani bila chai, akaandika malalamiko rasmi, faili likatoka siku kadhaa baadaye, na mteja akamhama. Mpaka leo hajarudi. Sina muujiza wa kuongeza hapo. Kodi alikopa.

Mimi sala ile naiona bora kuliko nyingi ninazozisikia kwenye vipaza sauti. Alijua anachotaka, alikisema, kilikuwa chake, angeweza kukifanya, na hakukifanya. Angekuwa mtu asiyejali mteja wala kodi, kukataa kwake kusingekuwa sadaka. Na tazameni ukubwa wa jambo: ni chai tu. Wengi wetu tuko tayari kufa kama mashahidi wa 1631, ambao hakuna atakayetuomba tuwafuate, lakini hatuko tayari kumwomba radhi msaidizi wa kazi wa nyumbani tuliyemfokea mbele ya watoto.

Ndugu wa Uamsho walilielewa hili kuliko kizazi chetu. Vuguvugu lile, lililochipuka Gahini nchini Rwanda na Kampala karibu na mwaka 1929 na kuingia Kenya mwaka 1937, liliwafanya watu warudishe vitu: majembe ya misheni, fedha za mwajiri, ng'ombe wa jirani. Mtu alibisha hodi kwa aliyemwibia, akataja alichoiba. Na wakati wa hali ya hatari, kuanzia mwaka 1952, wengi wao kule bara walikataa kiapo cha Mau Mau na wengi walikataa pia bunduki za serikali, wakachukiwa na pande zote mbili. Nina neno moja dhidi yao. Palikuwa na mikutano ambapo mtu alisukumwa mpaka aungame mbele ya watu kwa kuona haya, na aliyesita alihesabiwa amepoa. Hata njia nzuri hugeuka kuwa mkono wa mtu mwingine juu ya hiari yako.

Mtaniuliza: na tukiwa wawili, wote tumejikabidhi, na kila mmoja anasema Mungu amemwelekeza, na maelekezo yanapingana? Swali zuri, na jibu lake liko Nyali na Rabai. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka ule mkewe, Rosine, alijifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa na homa kali kiasi kwamba kusimama tu ilikuwa shida. Rosine alikuwa ameomba azikwe ng'ambo, upande wa bara, wapitao walione kaburi lake. Liko mpaka leo. Krapf hakuondoka; aliendelea na kazi ya kufasiri Maandiko aliyokuwa ameianza akisaidiwa na kadhi wa mjini, jambo ambalo Wakristo na Waislamu wa leo tungefanya vizuri kulikumbuka tunapogombania vipaza sauti.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Krapf aliamini Mungu anataka mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani hii mpaka upande wa pili wa Afrika, na aliona kukaa mahali pamoja ni uvivu. Rebmann aliamini Mungu anataka akae. Akakaa Rabai, akalima, akatunga kamusi, akabatiza wachache mno. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki mpaka 1875, hakurudi kwao hata mara moja, na alipoondoka alikuwa kipofu. Nani alikuwa ameyajua mapenzi ya Mungu? Walioandika historia walimpa Krapf ukurasa mrefu. Mimi naelekea kwa Rebmann, na sababu yangu si kubwa: mipango ya Krapf ilihitaji watu wengine waitimize, wafe kwa homa mmoja baada ya mwingine kando ya njia aliyoichora yeye kwenye ramani; ya Rebmann ilimgharimu Rebmann mwenyewe.

Na tena yupo mtu mmoja ambaye jina lake halimo kwenye mabamba mengi. William Jones alitekwa utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa India kama wale wote tunaowaita Waafrika wa Bombay, akarudi kutumika Freretown na Rabai. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi, yeye na Ishmael Semler, na Julai askofu na Jones wakafunga safari ya kwenda Buganda kwa njia mpya ya mashariki. Kwa nini njia ile? Ilikuwa fupi, na Hannington alikuwa mtu wa nia kali. Wamisionari waliokuwa Buganda walijua kwamba kwa Kabaka Mwanga mgeni anayetokea mashariki ni adui, lakini onyo lao halikumfikia kwa wakati. Kwa Sundu, ambapo leo tunapaita Mumias, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga. Kanisa kuu la hapa Nkrumah Road lilijengwa kwa ukumbusho wake na wenzake.

Jones alikuwa ameambiwa asubiri, akasubiri. Wakafika wachache waliosalimika na habari zao. Hakuwa na askofu wa kumuuliza tena. Wapagazi waliogopa, chakula kilikuwa kikiisha, na mbele na nyuma palikuwa na safari ya miezi. Uamuzi ukawa wake, yeye aliyewahi kuuzwa. Akaugeuza msafara, akaurudisha mzima mpaka Rabai mwanzoni mwa Februari 1886, ukitanguliwa na bendera ya buluu yenye neno moja la Kiebrania, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Miaka michache baadaye yuleyule Jones alikuwa Rabai wakati watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani, walipokuwa wakiingia humo na kupokelewa. Kanuni ya misheni ilisema wasipokewe, maana ingeleta ugomvi na wenye mashamba. Ugomvi ulikuja kweli. Mwaka 1888 wakahesabiwa zaidi ya 1,000, na George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza akaamua kuwalipa mabwana zao fidia. Siku ya kwanza ya Januari 1889 watu wakapewa hati za uhuru, mmoja mmoja, kila mtu na karatasi yake.

Saa yangu imekwisha, naona mwenyekiti ananitazama. Mlio na maswali, na hasa mnaotaka kunipinga kuhusu Rebmann, kipaza sauti kiko hapo katikati. Tafadhali swali liwe swali, lisiwe mahubiri ya pili.